Kairoprakta anashika mgongo, lakini ulimi wake ndio unaingia kichwani

Usain Bolt ana skoliosisi, yaani uti wa mgongo wake umepinda, na mwaka 2009 kule Berlin alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.58, hadi leo hakuna aliyeivunja hiyo rekodi. Sasa fikiria angekuwa kijana mdogo akutane na wale makairoprakta, watu wa kunyoosha mgongo na jointi kwa mikono, wa kumwonyesha mtu eksrei na kumwambia "mgongo wako umeharibika, usipokuja kwangu kila wiki utalemaa".

Hiyo lugha inaniudhi sana. Ndio maana nikiulizwa kairoprakta anaweza kumsaidia mwanariadha kiakili aje, mi naanzia mdomoni sio mikononi. Ule mlio wa "ka!" mgongo ukikunjwa ni gesi tu ndani ya maji ya jointi, hakuna mfupa uliokuwa umetoka ukarudishwa, lakini mkimbiaji akiambiwa pingili imehama anaenda nayo hadi mbioni, kila hatua anausikilizia mgongo badala ya kukimbia. Mwambie ukweli bana, kwamba maumivu mengi ya mgongo hupungua, mwonyeshe leo anainama kuliko juzi, mpe mazoezi afanye mwenyewe kwake, hofu itashuka.

Na tusidanganyane, kukunjwa shingo hakutibu depresheni. D.D. Palmer alipoanzisha hii kazi Davenport, Iowa, mwaka 1895, alidai karibu kila ugonjwa unatoka kwa uti wa mgongo, na kuna wenzake hadi leo hawajatoka huko.

Penye wanaweza saidia kweli ni pale kwa kitanda cha matibabu. Iten, mji wa wakimbiaji hapa Kenya, wengi ni fizio na watu wa masaji, makairoprakta ni wachache, lakini kitanda ni kilekile: mtu amelala kifudifudi, hamwangaliani, ulimi unalegea. Kocha huwezi mwambia umechoka na maisha, atakutoa kwa timu, na meneja ndiye ana kontrakti, na nyumbani wanangoja pesa ya mbio ambazo injari imekufungia. Kwa hivyo anayekukanda ndiye anasikia wa kwanza kwamba hulali, huli, ama mume anashikilia kadi ya benki. Wakati mwingine hata haambiwi, anaona alama mwilini. Mkimbiaji Agnes Tirop aliuawa nyumbani kwake Iten Oktoba 2021, mwezi mmoja tu baada ya kuweka rekodi ya dunia ya mbio za kilomita 10 za wanawake pekee, na tangu hapo sioni vile mtu wa kitanda atasema hayo si ya idara yake.

Si lazima awe mshauri. Aulize tu kwa upole, "nyumbani mko sawa?", kisha anyamaze asikie, na asipeleke hiyo stori kambini maana Iten kila mtu anajua kila mtu. Kabla ya kugusa aombe ruhusa, msichana akitaka rafiki yake aingie naye, aingie. Kama ni mambo ya akili ampeleke kwa mshauri au daktari anayemjua, asimpe namba tu na kumwacha, na kama kuna kupigwa, Kenya tuko na namba ya msaada 1195, kupiga ni bure.