Siku yangu kati ya Ahero na Mbita: kuwinda mbu

Saa 11 alfajiri. Chai ya rangi, andazi, buti za mpira. Mashamba ya mpunga ya Ahero, magharibi mwa Kenya, yamefurika maji, na mbu hawana shida ya makazi.

Saa 12 na nusu. Hodi, hodi! Anopheles arabiensis, mbu anayeeneza malaria, akishiba damu usiku hujibanza ukutani, nyuma ya makoti au chini ya kitanda. Namulika tochi, namvuta kwa mrija wa mdomo (una wavu ndani, simmezi). Namtaka jike mwenye tumbo jekundu.

Saa 2. Mwenye nyumba ananisimamisha mlangoni. "Daktari, ni kweli mnatuletea mbu wa GMO, hao waliobadilishwa vinasaba?" Mimi ni fundi wa maabara tu, ila cheo hicho nishakizoea. Hapana, mama. Tunatafuta Microsporidia MB, kiumbe kidogo mno kinachoishi ndani ya mbu na kuzuia vimelea vya malaria visikue humo. Watafiti walikitangaza mwaka 2020. Kimo tayari katika mbu wenu wachache, na vinasaba vyake havijaguswa.

Walioguswa wako kwingine. Marekani, bakteria Serratia AS1 alipachikwa jeni za kuua vimelea vya malaria tumboni mwa mbu. Burkina Faso, kijijini Soumousso, kuvu la Metarhizium, linaloua mbu, lilipewa jeni ya sumu ya buibui wa Australia. Ndani ya banda la wavu walianza na mbu 1,500, na baada ya siku 45 wakabaki 13.

"Sasa hicho chenu mkikiachia, mtakirudishaje?"

Hapo kanibana. MB hurithishwa kupitia mayai, na dume humwambukiza jike wakijamiiana. Serratia AS1 naye husambaa vivyo hivyo. Sifa tunayoisaka, ya kusambaa chenyewe, ndiyo inayotisha, kiwe kimebadilishwa au hakijabadilishwa. Nikamjibu: hakirudishwi kirahisi, mama, ndiyo maana kazi yangu inaishia maabara. Akaniruhusu niingie chumba cha pili.

Saa 4. Barabarani: Katito, Kendu Bay, Homa Bay, Mbita. Mbu wamefunikwa taulo bichi, maana joto la gari huwamaliza.

Saa 8 mchana. Kila jike na kichupa chake chenye pamba mbichi ya kutagia. Viluwiluwi wanapewa chakula cha samaki wa mapambo, tena cha bei.

Saa 11 jioni. Majike waliotaga siku zilizopita wanasagwa mmoja mmoja, tunatoa DNA, tunapima. Wengi hawana MB. Mayai yao yanamwagiwa maji ya moto. Ya waliokutwa na MB yanaandikwa lebo na kupelekwa kwenye trei.