Mchujo, kura 51 na bajeti: wahafidhina wa Marekani wanapopotezea nguvu

Mimi ni mhafidhina. Naamini serikali kuu ya Washington inapaswa kuwa ndogo kuliko ilivyo, majimbo yaachiwe mambo yao, na fedha ambayo haipo isitumike. Kwa sababu hiyo huwa upande wa Republican, ingawa kuwa upande wa chama si kukifumbia macho. Kila baada ya uchaguzi husikika lalamiko lilelile: tuliwapa kura, wakafika Washington, wakatugeuka. Lalamiko hilo lina ukweli wake, lakini sehemu kubwa yake inatokana na kutojua madaraka yamekaa wapi. Wahafidhina humaliza nguvu zao kwenye uchaguzi wa rais, mara moja kila miaka minne. Mambo yanayowaudhi huamuliwa kwingine: kwenye mchujo, yaani kura ya kumpata mgombea wa chama, wanaojitokeza watu wachache, na kwenye kanuni za Seneti ambazo hakuna anayejisumbua kuzisoma.

Tuanze na chama chenyewe. Republican haina kadi ya uanachama wala ada, na mwenyekiti wake hana uwezo wa kufuta jina la mgombea aliyeshinda mchujo. Kamati ya taifa, RNC, ina wajumbe 168, yaani watatu kutoka kila moja ya majimbo 50, watatu wa Washington D.C., na watatu kutoka kila moja ya maeneo matano ya ng'ambo. Kazi yao ni kuchangisha fedha, kupanga kalenda na kuandaa mkutano mkuu. Anayedhani "wakubwa wa chama" ndio wanaoteua wagombea anaishi mwaka 1950.

Nguvu hiyo ilichukuliwa kidogo kidogo. Wisconsin ilipitisha mchujo wa moja kwa moja mwanzoni mwa karne ya 20, na majimbo mengine yakafuata. Mwaka 1968 Democrats walimteua Hubert Humphrey, ambaye hakushiriki mchujo hata mmoja, na ghasia za mkutano wa Chicago zikazaa mageuzi yaliyowahamishia wapiga kura uteuzi wa mgombea urais. Republican nao wakabebwa na wimbi hilo, kwa kuwa sheria za mchujo ni za majimbo na mara nyingi hubana vyama vyote viwili. Sheria ya fedha za kampeni ya 2002 ikavikataza vyama vya taifa kupokea michango isiyo na kikomo, kisha maamuzi ya mahakama ya 2010 yakaruhusu makundi ya nje kufanya kile kile ambacho vyama vimekatazwa. Kwa uchaguzi wa 2025 na 2026, mtu mmoja anaweza kumpa mgombea dola 3,500 kwa kila uchaguzi, mchujo na uchaguzi mkuu vikihesabiwa mbalimbali. Akitaka kuipa super PAC, yaani mojawapo ya makundi hayo ya nje, milioni kumi, hakuna wa kumzuia.

Wenzangu wengi hufurahia udhaifu huu wa chama kwa sababu wanawachukia vigogo. Mimi naona ni hasara. Uhafidhina ni kuheshimu taasisi zinazodumu kuliko mtu mmoja, na chama ni taasisi ya namna hiyo. Kikidhoofika, nafasi yake haichukuliwi na wananchi wa kawaida. Inachukuliwa na watangazaji wa televisheni, matajiri wachache, na kila mwenye kipaji cha kukasirika mbele ya kamera.

Hata hivyo mchujo ndio uliopo, na nguvu yake ni kubwa mno. Juni 2014 Eric Cantor, kiongozi wa wengi katika Baraza la Wawakilishi, aliangushwa kwenye mchujo wa wilaya ya saba ya Virginia na mwalimu wa uchumi, Dave Brat. Waliopiga kura walikuwa kama 65,000, katika wilaya yenye zaidi ya watu 700,000. Texas mwaka 2012, kwenye mchujo wa kiti cha Seneti, Ted Cruz alikuwa wa pili nyuma ya David Dewhurst katika duru ya kwanza, lakini kwa kuwa hakuna aliyepata zaidi ya nusu, duru ya pili ikapigwa mwisho wa Julai, katikati ya joto, na Cruz akashinda. Idadi ya wapiga kura ikishuka, kundi dogo lililojipanga huzidi kuwa na uzito.

Uzito huohuo ukitumiwa vibaya unaumiza. Mwaka 2010 wahafidhina wa Delaware walimkataa Mike Castle, gavana wa zamani ambaye alikuwa na nafasi nzuri sana ya kushinda kiti cha Seneti, wakamchagua Christine O'Donnell, na kiti kikaenda kwa Mdemokrat Chris Coons. Mwaka 2012 Indiana ilimwangusha Richard Lugar, aliyekuwa Seneti tangu 1977, ikamweka Richard Mourdock. Mdemokrat Joe Donnelly akashinda. Mwaka huohuo huko Missouri, seneta wa Democrats Claire McCaskill alitumia fedha za kampeni yake mwenyewe kumtangaza Todd Akin wakati wa mchujo wa Republican, akimwita mhafidhina kupita kiasi, kwa sababu huyo ndiye mpinzani aliyemtaka. Akampata, akamshinda.

Sasa hesabu. Julai 28, 2017, jaribio la kufuta sehemu za sheria ya afya ya Obama lilianguka Seneti kwa kura 49 dhidi ya 51. Lawama zote zikamwangukia John McCain, seneta wa Republican aliyeungana na wenzake wa chama Susan Collins na Lisa Murkowski kupiga kura ya hapana. Lakini nani walikuwa wamekalia viti vya Delaware, Indiana na Missouri siku ile? Coons, Donnelly na McCaskill. Castle labda naye angepinga, sidai vinginevyo. Viti vya Indiana na Missouri peke yake vingetosha kufikisha 51. Bado nawasikia watu wakimlaani McCain, na ni nadra kumsikia mtu akiutaja mchujo wa Indiana.

Sababu ya kung'ang'ania namba 51 iko kwenye kanuni za Seneti. Mswada wa kawaida unahitaji kura 60 ili mjadala ufungwe, kutokana na kanuni ya 22 kama ilivyorekebishwa mwaka 1975. Sharti hilo lilishaondolewa kwa uteuzi: Democrats wakiongozwa na Harry Reid waliliondoa Novemba 2013 kwa majaji wa ngazi za chini na maofisa wa serikali, na Mitch McConnell wa Republican akaliondoa Aprili 2017 kwa Mahakama ya Juu. Ndiyo maana chama kimefanikiwa sana kwa majaji na kimekwama kwenye sheria. Katika majaji kura za chama kimoja zinatosha. Mgombea anayeahidi kwamba "tukishika Seneti tutafuta" wizara fulani, bila kusema kura 60 atazitoa wapi, anauza maneno. Wapo wanaotaka kanuni ya 60 ifutwe kabisa. Mimi sitaki. Ni breki, na breki humfaa zaidi anayependa serikali iende polepole.

Njia inayobaki, nayo ndiyo iliyotumika katika jaribio lile la Julai 2017, ni utaratibu wa upatanisho wa bajeti, uliowekwa na sheria ya bajeti ya 1974. Kwanza mabaraza yote mawili hupitisha azimio la bajeti, ambalo haliendi kwa rais, na ndani yake kamati hupewa maagizo: kamati fulani ipunguze kiasi fulani, nyingine iruhusiwe kuongeza nakisi (pengo la matumizi kuzidi mapato) kwa kiasi fulani. Kamati huandika vifungu vyao, kamati ya bajeti huviunganisha kuwa mswada mmoja. Seneti hujadili kwa saa zisizozidi 20, kisha hupigia kura marekebisho mfululizo, mara nyingi usiku kucha, na kura 51 zinatosha, au 50 pamoja na ya makamu wa rais. Ndivyo ilivyopita sheria ya kodi ya 2017, na ile ya Julai 2025: Seneti 51 kwa 50 kwa kura ya JD Vance, Baraza la Wawakilishi 218 kwa 214.

Inapokwama ni kwenye kanuni ya Byrd, iliyopewa jina la seneta wa West Virginia, Robert Byrd. Kifungu ambacho athari yake kwa bajeti ni ya juujuu tu kinatolewa. Social Security, yaani pensheni ya uzeeni ya serikali, haiguswi. Na mswada hauruhusiwi kuongeza nakisi nje ya kipindi cha bajeti, ambacho kwa kawaida ni miaka kumi. Kwa sababu hiyo punguzo la kodi la Bush la 2001 liliandikwa life mwishoni mwa 2010. Mwaka 2021 kanuni hiyohiyo iliwanyima Democrats kima cha chini cha mshahara cha dola 15 kwa saa, baada ya mshauri wa kanuni za Seneti kukikataa. Mwaka 2025 Republican wa Seneti walipita pembeni yake kwa kuhesabu kodi za 2017 kana kwamba zilikuwa tayari za kudumu, hivyo kuziendeleza kukaonekana hakugharimu kitu. Ni mahesabu ya kujidanganya, na chama kinachojiita cha nidhamu ya fedha hakikupaswa kuyagusa. Ofisi ya bajeti ya Congress, yaani bunge la Marekani, ilikadiria kwamba sheria ile ingeongeza nakisi kwa dola trilioni 3.4 katika miaka kumi, na ndani yake kikomo cha deni kilipandishwa kwa trilioni 5.

Kuhusu matumizi ya kila mwaka, mwaka wa fedha huanza Oktoba 1, na kabla ya hapo Congress inatakiwa kupitisha miswada 12 ya matumizi. Tangu utaratibu wa sasa uanze kutumika, jambo hilo limefanyika kwa wakati mara nne tu: kwa miaka ya fedha ya 1977, 1989, 1995 na 1997. Miaka mingine kwa kawaida huja mswada wa muda unaorefusha viwango vya zamani, kisha mara nyingi mswada mmoja mkubwa wa kurasa nyingi karibu na Krismasi, ambao mbunge wa kawaida huukubali au kuukataa bila kuugusa. Kwa mhafidhina hapa ndipo penye jeraha. Kukata programu mbovu hufanyika ndani ya mswada mmoja mmoja, kwenye kamati ndogo, kifungu kwa kifungu. Kwenye furushi la Desemba hakuna kinachokatwa.

Badala yake tumezoea kufunga serikali, yaani kuacha shughuli zake zisimame kwa kutopitishiwa fedha. Mwaka 2013 ilifungwa siku 16 kwa lengo la kuinyima fedha sheria ya afya ya Obama, ilhali fedha nyingi za sheria ile hazikutegemea miswada ya kila mwaka. Programu ikaendelea, na soko lake la bima likafunguliwa siku ileile ya kwanza ya kufungwa. Mwaka 2018 hadi 2019 zilikuwa siku 35. Mwaka 2025, safari hiyo Democrats wakiwa ndio waliozuia kura Seneti, siku 43. Sheria ya 2019 inaagiza wafanyakazi walipwe mishahara yote ya siku hizo, kwa hiyo mlipa kodi hugharimia kazi ambayo haikufanyika. Sioni uhafidhina wowote hapo, awe ni nani aliyefunga.

Tena miswada hiyo 12 hugusa kama robo tu ya matumizi. Yanayobaki ni Social Security, Medicare (bima ya afya ya wazee), Medicaid (ya wenye kipato kidogo), programu nyingine ambazo sheria imeshaagiza zilipwe bila kupigiwa kura kila mwaka, na riba ya deni, ambayo mwaka wa fedha wa 2024 ilizidi matumizi ya ulinzi. Sheria ya 2011 iliyoweka vikomo ilipunguza kweli matumizi ya kila mwaka kwa muda, kisha mapatano ya vyama vyote viwili ya 2013, 2015, 2018 na 2019 yakavilegeza kimoja baada ya kingine. Anayesema atasawazisha bajeti bila kugusa Medicare, ulinzi wala kodi, mwulize aonyeshe kwa kalamu.

Mahali pa kumwuliza ni kabla ya mchujo, wakati bado anaitafuta kura yako. Na kuupigia mchujo kura kuna masharti yanayotofautiana kwa kila jimbo, na watu huyagundua wakiwa wamechelewa. Florida, Pennsylvania, New York na Kentucky mchujo wao umefungwa: lazima uwe umejiandikisha kama Republican. Florida unatakiwa ubadilishe chama siku 29 kabla, Pennsylvania siku 15 kabla. New York mwisho ni Februari 14 kwa mchujo wa Juni, na Kentucky ni Desemba 31 ya mwaka uliotangulia, jambo linalowakamata wengi. Texas hakuna kujiandikisha kwa chama; unachagua siku ya kura, lakini ukishapiga kwenye mchujo wa Democrats huwezi kuhamia Republican katika duru ya pili. California, isipokuwa kwa urais, wagombea wa vyama vyote huwekwa kwenye karatasi moja na wawili wa juu ndio husonga mbele. Huko, Republican watano wakigawana kura, Democrats wawili wanaweza kubaki peke yao Novemba.

Chini ya hayo yote ipo presinti, eneo dogo kabisa la kupigia kura. Katika majimbo mengi kila presinti ina mjumbe wa chama mmoja au zaidi, na hao ndio wanaochagua uongozi wa kaunti, ambao nao huwa na sauti katika uongozi wa jimbo. Nafasi nyingi hukaa wazi kwa kukosa mtu wa kuzijaza. Kazi yenyewe ni kugonga milango, kukusanya saini na kuhudhuria vikao vinavyochosha. Huko Arizona, mbunge wa jimbo akifa au akijiuzulu, wajumbe wa presinti wa chama chake katika wilaya husika hupendekeza majina matatu, na bodi ya kaunti huteua mmoja kati ya hayo.