Nilivyopona uchovu wa kupokea simu za wateja

Mi niko huduma kwa wateja hapa Dar, kazi yangu simu za watu ambao hela imeenda namba siyo, yaani unatukaniwa mpaka mama ako na unatakiwa ujibu "samahani mpendwa mteja" kwa sauti ya asali. Ikafika nikisikia tu ule mlio kwenye hedifoni tumbo linakata, nyumbani watoto wakiniita siitiki.

Kulala wikendi nzima hakukusaidia kitu. WHO, yaani Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 waliuingiza uchovu huu wa kazi (burnout) kwenye ICD-11, orodha yao ya magonjwa na hali za kiafya, siyo kama ugonjwa ila kama jambo linalotokana na kazi: unaishiwa nguvu, unaichukia kazi, unaona hufanyi la maana. Nikajiona mulemule. Basi dawa ilibidi itafutwe hukohuko kazini.

Nikasoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, saa za kawaida mwisho 45 kwa wiki, likizo siku 28 kwa mwaka. Nikamfuata supavaiza, dada naomba likizo yangu yote, na nikirudi simu za malalamiko tupokezane na wenzetu wa meseji, halafu mtu akitukanwa aruhusiwe kuvua hedifoni akanywe maji kabla ya simu inayofuata. Alinuna weee, ila akakubali, na hilo la maji limenisaidia kuliko hata likizo yenyewe. Grupu la WhatsApp la kazini nalizima sauti nikitoka shifti.

Ukitaka kuomba haya, andika barua, ya mdomo HR wanasahau.