Kihori changu sasa kinaning'inia, hakivutwi tena

Miaka miwili nilivuta kihori, kile kimtumbwi cha kufikia ufukweni, kwa kamba nyuma ya boti, kwa sababu kila niliyemuuliza pale Matema, Ziwa Nyasa, alinijibu, "Kifunge tezi, huko nyuma, kitafuata chenyewe." Ziwa likiwa shwari kinafuata kweli, kama ndama. Ila walionishauri hivyo hawasafiri Juni na Julai, upepo wa kusi ukishika.

Siku hiyo tulikuwa tunarudi kutoka Lumbila, abiria sita na magunia ya mihogo, mawimbi yanatusukuma kwa nyuma. Kila wimbi lilikibeba kihori likakipigiza kwenye boti, ko! Nikapunguza mwendo. Kamba ikalegea, ikazama, ikazolewa na pangaboi. Injini kimya. Kulia kwetu milima ya Livingstone imeingia majini moja kwa moja, kina kirefu hapo hapo ukingoni, nanga haina pa kushika. Nikajitosa na kisu cha samaki. Nailoni ilikuwa imeyeyuka na kuganda kwenye shafti, nakata uzi mmoja mmoja, napanda kuvuta pumzi, nazama tena, huku kijana wangu akisukuma mwamba kwa kasia. Karibu saa nzima.

Wiki ile ile nikaenda Kyela mjini kwa fundi wa kuchomelea. Mabomba mawili ya inchi 2 yaliyokunjwa shingo yawe mikono ya kuning'inizia kihori, kapi nne, kamba: laki tatu na kitu, usafiri sijahesabu. Fundi alitaka kufunga bolti kwenye faiba tupu ya boti. Nilikataa kabisa, faiba peke yake itachanika. Weka ubao mgumu kwa ndani.

Kihori kina kama kilo 50. Kila mkono una kapi mbili zenye magurudumu mawili mawili, uzito unagawanyika kwa nne. Binti yangu wa miaka 13 anavuta upande mmoja, mimi mwingine. Kamba itakuwa ndefu, mita nne kwa kila mita moja ya kupanda, lakini mgongo unapona.

Kisha ikaja mvua ya Aprili, na mvua ya Kyela mnaijua. Asubuhi nikakuta kihori kimejaa maji, mikono imeinama. Lita 200 ni kilo 200! Tangu hapo kikining'inia, kizibo cha tundu la kutolea maji kinakaa nje, nimekifungia pale pale kwenye fundo la kamba ya kushushia. Huwezi kulegeza fundo bila kukishika kizibo, kwa hiyo hutasahau kukirudisha. Hila hiyo naipenda kuliko mikono yenyewe.

Wakati wa kushusha kihori, boti iwe kwenye nanga, omo, yaani mbele yake, inatazama upepo, injini imezimwa. Kamba ya mbele ya kihori ifungwe botini kabla hujagusa kitu kingine, na ndoano ya nyuma ndiyo itoke kwanza.

Jumamosi tulimchukua mama mmoja wa Ikombe na vyungu vyake 12 vya kupeleka sokoni Matema. Kihori kilikwenda ufukweni mara mbili, hakuna chungu kilichopata ufa, na kilikuwa kimesharudi juu kabla hajamaliza kuhesabu nauli.