Jasi la Kushoto

Picha yenyewe haizidi kiganja. Wanawake wawili wamekaa mbele ya pazia, na nyuma ya karatasi pana muhuri wa Capital Art Studio, ile studio ya Mji Mkongwe aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930. Mmoja wao ni bibi mzaa mama. Mama alifariki bila kunionesha ni yupi. Na mimi, ambaye riziki yangu ni kupiga nyuso za watu, nimekaa na picha hii miaka tisa sijui nimerithi uso upi.

Basi nikapanda meli ya asubuhi kwenda Pemba. Bahari ilichafuka, hilo tuliache. Kutoka Mkoani hadi Chake Chake barabara ilikuwa imepakana na majamvi ya karafuu, na harufu ikaingia hadi mkobani. Mkanda wa kamera unanukia mpaka leo.

Mdogo wake bibi nilimkuta barazani akichambua karafuu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Akaiweka picha pajani, akaisogeza mbali, akaileta karibu. Nyuso hakuzitazama kabisa. Kidole chake kilikwenda moja kwa moja masikioni.

"Dada ni huyu. Jasi la kushoto hana. Lilimwangukia baharini wakienda Unguja, akalia njia nzima."

Nikainama. Kweli: kulia pana duara jeupe, kushoto ndewe tupu inaning'inia. Na mimi miaka yote hiyo nilikuwa nikitafuta pua.

Makaburini alinipeleka mwenyewe, na mkongojo wake. Kisiwa hikihiki kina makaburi ya nguzo kule Ras Mkumbuu, wageni huyafuata kwa boti. Ya kwetu yana mashahidi ya mawe matupu, moja kichwani, moja miguuni, bila jina.

"Ni hili." Akapiga hatua mbili. "Au lile. Palikuwa na mkarafuu hapa, wameukata."

Tukasoma Fatiha tumesimama katikati. Nikapiga yote mawili.

Tuliporudi akasema, "Na mimi nipige. Usinichekeshe, hiyo ndiyo watakayobaki nayo." Akaingia ndani kubadili kanga. Nikamsikia akifukua sandukuni, akimwita mtoto amshikie kioo. Alipotoka, ndewe zote mbili zilikuwa na majasi ya karatasi nyekundu. Akakaa, akanikabili.

"Yaonekane yote mawili."