Ndimu ilinichoma, maji ya waridi yakanituliza

Mwaka jana nilikuwa najipaka maji ya ndimu usoni kila asubuhi, halafu natoka kupanda matatu na jua la Januari likiwaka. Niliambiwa yatapunguza mafuta. Ndani ya wiki 2 mashavu yakaanza kuwasha na kubambuka, na madoa meusi yakatokea. Ndimu ina asidi kali mno kwa ngozi, na ikikutana na jua inaweza kuunguza. Tafadhali, msiijaribu.

Kosa langu kubwa lilikuwa kutojua ngozi yangu. Sasa nimejifunza: nawa uso, usipake chochote, ngoja kama saa moja. Ikikaza, ni kavu. Iking'aa kote, ni ya mafuta. Iking'aa paji na pua tu, ni mchanganyiko.

Yangu ni kavu, na baridi ya Julai hapa Nairobi huikausha zaidi. Nilipata maji ya waridi Eastleigh, yasiyo na spiriti wala manukato (soma kibandiko kwanza!). Nayapapasa kwa kiganja uso ukiwa bado na unyevu, kisha mafuta ya kujipaka juu yake mara moja.

Dada yangu ana ngozi ya mafuta. Yeye huchemsha chai ya kijani, akaiacha ipoe kabisa, akaipaka kwa pamba. Huiweka kwenye friji na kuimwaga baada ya siku 3, maana haina kihifadhi.

Na chochote utakachochagua, kijaribu kwanza ndani ya mkono, usubiri hadi kesho yake.