Pulut kuning kabla ya keki

Jana jirani zetu hapa Gombak, Malaysia, walitualika, binti yao katimiza miaka 5. Nilijua nakwenda kula keki. Kumbe keki iko pembeni, katikati ya mkeka kuna sinia la pulut kuning: mchele unaonata, umetiwa manjano na kupikwa kwa tui zito. Wamalay huupika kwenye mambo ya heri. Ikasomwa dua, tukanawa, tukala kwa mkono pamoja na rendang, nyama iliyokaa motoni mpaka tui likakauka. Mimi mtoto wa Tanga, harufu ile ya nazi na mchaichai ilinishika moyo.

Lakini jamani, onde-onde! Vidonge vya kijani vya unga wa mchele unaonata, vimegaragazwa kwenye nazi iliyokunwa. Ndani kuna gula melaka, sukari ya utomvu wa mnazi, ambayo imeyeyuka. Mwenye sherehe mwenyewe akanifundisha: funga mdomo kwanza, ndipo utafune. Kikapasuka, utamu ukajaa kinywa kizima, naye akapiga makofi.

Bibi yake, tunayemwita Mak Cik, kanifungia kibakuli cha kuondoka nacho. Vimebaki viwili.